Hesabu ya Baba Mkwe ya Kufika London

Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, mtu wa bendera na filimbi, na hakukuwa na safari duniani ambayo hangeipima kwa treni. Mume wangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma London, tulikuwa tukiishi na wazee katika nyumba za reli hapa Nakuru. Mzee aliomba atlasi yangu ya shule na kipande cha uzi. Akapima Nakuru hadi Mombasa, kisha akaupitisha uzi huo ramani nzima, kipimo baada ya kipimo, akatangaza kwamba treni ingechukua wiki mbili. Ndege huenda mbio zaidi, hilo alilikubali. Lakini nayo ni lazima isimame, ijaze mafuta, isubiri nyingine ipite.

“Tuseme siku tano,” akasema. “Ikifika kabla ya hapo, kuna mtu amevunja sheria.”

Mume wangu alimwambia ni mchana mmoja na usiku mmoja, labda na asubuhi kidogo. Mzee akamjibu, “Kawia ufike.” Nami, Mungu anisamehe, nilimwamini mzee. Mume wangu alikuwa na tabia ya kupunguza mambo ili nisilie. Hata mtoto wetu alipochemka kwa homa, yeye aliiita joto.

Aliruka kutoka Nairobi Jumanne. Alhamisi saa sita mchana nilikuwa nje ya mlango nikimenya viazi vya Molo, mama mkwe kando yangu, nikamwona mzee akija kutoka stesheni, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa kuvua kofia akiwa kazini. Mkono wa pili ulishika bahasha ya telegramu.

Siku hizo telegramu kwetu ilikuwa na habari moja tu, kifo. Mama mkwe alikaa chini palepale, juu ya maganda. Majirani wakaanza kutoka, na mmoja wao akaanza kuleta viti vya matanga, jambo ambalo sijamsamehe hadi leo.

“Fungua, Baba,” nikasema.

“Siwezi fungua hiyo. Leo ni siku ya pili tu. Yeye bado ako njiani, hata nusu hajafika. Mwenye ameandika hii si yeye.”

Hesabu yake ilinyooka, na kwa hilo nilimchukia. Kwa mila yetu mke wa mwana hapokezani kitu na baba mkwe mkono kwa mkono, kwa hivyo aliiweka bahasha juu ya kigoda na kurudi nyuma hatua mbili. Nilifuta mikono kwenye leso, lakini vidole viliendelea kuteleza na karatasi ikachanika pembeni.

NIMEFIKA SALAMA BARIDI KALI SALIMU MTOTO.

Niliisoma kimya kwanza, nikatafuta jina lake mwishoni, nikalikuta. Ndipo nikaisoma kwa sauti. Nilifurahi hadi nikaona aibu. Mama mkwe alitaka isomwe tena, kisha tena. Mwenye viti alivirudisha bila kuniangalia. Mzee peke yake hakuridhika.

“Haiwezekani,” akasema. “Kuna stesheni wameruka.”

Tulicheka sote, naye akageuka kwenda kujipangusa macho nyuma ya nyumba, akidhani hatumwoni.

Kicheko kilipotulia, mama mkwe akaniuliza, “Kwa hivyo London ni mwendo wa siku mbili tu?”

“Hata hazifiki mbili, Mama.”

“Kumbe ni hapa tu. Basi Krismasi atakuja kula na sisi.”

Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, na nauli aliyopewa mume wangu ilikuwa ya kwenda mara moja na kurudi mara moja. Mimi nilijua hivyo, na mama mkwe pia alikuwa ameambiwa. Lakini muda mfupi uliopita mwanawe alikuwa maiti, na sasa alikuwa mzima, analalamikia baridi.

“Ni hapa tu, Mama,” nikamwambia, na siku ile nzima niliamini.