Vidonge vya Marehemu

Fundi saa hakuwa mtu wa kutupa kitu. Saa ikimfikia imekufa kabisa, aliifungua, akatoa springi na magurudumu yaliyobaki mazima, akayatia kwenye vikopo vya dawa ya viatu vilivyopangwa rafuni. Kwa tabia hiyo tulielewana. Mimi naishi kwa vitu vya watu waliohama na waliofariki: nanunua saa za ukutani kwa bei ya kutupa, yeye anazifufua, mimi nauza.

Wateja wake wengine walikwisha tangu kila mtu apate simu. Mkewe, aliyekuwa akipokea saa na kugombana na wenye haraka, alifariki mwaka juzi. Binti yao yuko mbali. Hupiga kila Jumapili, na mzee humwambia hajambo, kisha wanazungumzia mvua.

Asubuhi, kabla ya kushika kibano, alijimiminia pombe kali kwenye kikombe cha chai.

"Mzee, mapema yote hii?"

"Huu si ulevi, dalali. Ni mafuta ya vidole." Akanyoosha mkono, ukatetemeka. Akanywa, akangoja, akaunyoosha tena, umetulia tuli. "Umeona? Uzee una dawa yake."

"Dawa gani hiyo inaongezwa kila mwezi?"

"Na wewe bei zako je?"

Tukacheka, nikabeba saa zangu.

Siku moja mchana nilimkuta amelalia meza, kioo chake cha kutazamia vipande vidogo kingali jichoni. Nilimwita, nikamtikisa, nikampiga kofi la mgongoni. Pumzi ilikuja kwa mbali, ikakaa, ikaja tena. Alipofumbua macho alinitazama kama hanijui. Nikaita teksi, nikamkimbiza zahanati.

Alipopata nafuu ya kusema, nesi akamuuliza anatumia dawa gani.

"Ya presha."

"Na nyingine?"

"Za usingizi," akasema.

"Nani alikuandikia?"

"Sikuandikiwa mimi. Za mke wangu. Alibakiza chupa karibu nzima."

"Baba, unameza dawa za marehemu? Na pombe juu yake?"

"Saa ikifa, mwanangu, vipuri vyake si vinatumika?"

Nesi hakucheka. Alivuta kiti, akamweleza kwamba kwa umri wake mwili hauondoi pombe upesi kama zamani, kwa hiyo kipimo kile kile cha ujanani sasa kinamkalia muda mrefu zaidi. Ukichanganya na vidonge vile, vyote viwili vinabana pumzi, na ipo siku haitarudi. Mkono nao, akasema, huenda si uzee unaoutetemesha asubuhi. Ni mwili unaodai pombe uliyozoea.

"Basi leo leo namwaga chupa zote," nikasema.

"Usithubutu," nesi akanigeukia mimi. "Mtu aliyezoea akikatiwa ghafla anaweza kuanguka kifafa. Atapunguziwa hapa, kidogo kidogo, daktari akimwangalia. Vile vidonge navyo vije, vyote. Ataambiwa namna ya kuviacha."

Mzee aliitikia kila neno kwa adabu. Tulipofika dukani akatoa kichupa cha vidonge rafuni, akakitia mfukoni mwa koti na kufunga kifungo.

"Lete, mzee."

"Kina jina lake."

"Bandua karatasi ubaki nayo. Mimi nataka vilivyomo."

"Halafu nikikosa usingizi nifanyeje? Nihesabu dari?"

Nilimtazama. Nimenunua makabati kwa wajane waliokuwa wakiyakumbatia, najua mtu asiyetaka kuuza anavyokaa. Huyu hakukaa hivyo. Huyu alikuwa anangoja nimuulize bei.

"Unataka nini?"

"Nikishafunga hili duka jioni, sisemi na mtu mpaka kesho. Hapo ndipo ninapoanza kumimina. Uje ukae."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Haiwezekani. Nina watoto, nina mizigo. Mara mbili kwa wiki."

"Tano."

"Unanichinja, mzee. Tatu, na zahanati nakupeleka mimi."

"Nne."

"Tatu na zahanati."

Aling'ata mdomo, akatazama rafu yake, akatazama mlango. "Haya, tatu." Akabandua karatasi kwa ukucha, taratibu, isichanike, kisha akanipa kichupa. Nikakipeleka kwa nesi jioni ile ile.

Angekaza kidogo tu, ningempa nne. Sikumwambia, na sijamwambia mpaka leo.

Jioni yangu ya kwanza alinywa kipimo alichopangiwa, akaosha kikombe mbele yangu ili nione. Tulikula. Alinieleza habari za saa moja ya mfukoni aliyowahi kuitengeneza, akaishia katikati, akasema ameisahau. Mkono ulimtetemeka juu ya meza na hakuuficha. Zaidi ya hapo hatukuwa na maneno mengi. Mimi na yeye tulizoea kuongea bei, na bei ilishakatwa.

Nikasimama.

"Kesho unakuja?"

"Kesho siyo siku yangu, mzee."

"Najua. Nauliza tu."

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia akisukuma komeo, likakwama, akalisukuma tena.