Jinsi Nilivyomfundisha Baba Kunyamaza

Baba alianguka mtihani wa leseni ya stima kwa sababu ya neno moja, tena neno alilokuwa amelisema kila siku ya maisha yake ya kazi.

Nilikuwa Form Two wakati huo, na Kitengela ilikuwa inajengwa kama mtu anayevaa shati huku anakimbia. Kila upande ungeona nyumba isiyo na paa, nguzo za stima zimelala chini zikingoja kusimamishwa, na mbuzi wakipita katikati kama wao ndio wenye ploti. Baba alikuwa fundi wa stima. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akajifunza kazi kwa kumshikia mwingine ngazi, na kufikia mwaka huo hatukuweza kwenda kanisani bila yeye kutuonyesha ukuta fulani na kusema, "Ndani ya hiyo kuna waya zangu."

Lakini hakuwa na leseni. Bila leseni unaweza kuweka waya, ila huwezi kutia sahihi kwamba nyumba iko tayari, na bila hiyo sahihi mita hailetwi. Kwa hivyo kila nyumba aliyoimaliza Baba ilitiwa sahihi na bosi mmoja wa Kware, kule Rongai, ambaye alifanya hivyo akiwa kwake, anakunywa chai. Wenye nyumba walikuwa wakimshukuru bosi. Baba alitaka sahihi iwe yake. Alikuwa hata ameshaifanyia mazoezi kwenye pembe za gazeti, sahihi yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujipigia mstari wenyewe. Mama alipoiona aliuliza kama hiyo ni sahihi ama ni mjusi.

Sasa nieleze hilo neno. Mafundi wa stima hufanya kazi wawili wawili. Mmoja yuko juu ya ngazi, mwingine amesimama kwenye swichi kubwa. Wa juu akimaliza, anapaza sauti bila hata kugeuka: "Washaaa!" Wa chini anawasha. Ikikataa, "Zima!" Mtaani kwetu ungesikia hayo kutoka asubuhi hadi jioni, washa, zima, washa, zima, na sauti ya Baba ilikuwa juu ya zote. Mama alikuwa akitaka kujua Baba yuko ploti gani anatoka tu nje na kusikiliza.

Mtihani ulifanywa Nairobi, kwenye karakana ya chuo kimoja. Kila mtu alipewa ubao mkubwa ukutani: taa moja ya kuwashwa kutoka mahali pawili, soketi, na kisanduku cha fyuzi. Ukimaliza kufunga, huruhusiwi kuweka stima mara moja. Lazima kwanza upime kila waya kama imefika, kama inavuja, kama ile ya ardhi imeshika, uandike, ndipo umwite mtahini. Baba alijua hayo yote. Angeweza kuyasema akiwa usingizini. Alifunga vizuri, akapanda ngazi kuweka balbu, akaikaza, na mdomo wake ukafanya kile ambacho umezoea kufanya.

"Washaaa!"

Pale kwenye swichi alikuwa amesimama mzee wa stoo, ambaye naye amezeeka akisikia neno hilo. Mkono wake haukungoja ruhusa. Akawasha.

Taa ikawaka. Iliwaka vizuri kuliko zote, Baba alituambia, na watu wa kwenye mbao zingine wakapiga makofi. Mtahini akafunga faili yake polepole, kama mchungaji anayefunga Biblia kwenye mazishi.

"Kwa hivyo umeanguka kwa sababu taa iliwaka?" Mama aliuliza.

"Kwa sababu iliwaka mapema."

Mama alijaribu kumhurumia. Niliona kabisa anajaribu. Kisha akakalia ndoo iliyokuwa imefunikwa na kucheka mpaka akajifuta macho na leso. Baba alimwangalia, akaangalia viatu vyake, halafu akaniangalia mimi.

"Mwaitu," akasema. Baba huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimeitwa jina la mama yake. "Mwaitu, wewe huwa unanyamazaga namna gani?"

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo. Kawaida watu huuliza kwa nini ninanyamaza, na huuliza kama vile nimewaibia kitu. Mimi ni wale wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Shuleni, mwalimu akiita rejista, nilikuwa nikiitikia kwa sauti ndogo hivi kwamba mara mbili niliandikwa sikuja nikiwa nimekaa mbele yake. Lakini Baba aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachotaka kununua. Angeruhusiwa kurudia mtihani wakati wa likizo ya Agosti, na akianguka tena, alisema, basi yeye ni wa kushikia bosi wa Kware ngazi mpaka meno yaishe.

Tukaanza. Baba aliegemeza ubao kwenye ukuta wa veranda na kuufunga waya za mabaki. Mama alipendekeza aweke maji mdomoni ili asiweze kupiga kelele. Lilionekana wazo zuri. Alipanda ngazi na mashavu yamejaa, akafunga, akakaza balbu, na neno likatoka pamoja na maji yote. Ubao ulioga. Mama akasema afadhali ugali.

Mimi nilipewa kazi ya mtahini. Niseme ukweli, nilitaka kulia. Mtahini lazima aulize maswali, tena kwa sauti, huku anayeulizwa anamwangalia usoni. Nilijaribu mara moja na Baba akasema, "Sauti, mtahini, sauti!" nikasahau swali. Kwa hivyo nikahamia nyuma ya pazia la jikoni. Nikiwa huko, sioni mtu na mtu hanioni, nilikuwa mkali ajabu.

"Kabla ya kuweka stima unapima nini kwanza?"

"Napima kama waya imefika mwisho."

"Na usipopima?"

"Mtahini, si nimesema napima?"

"Jibu swali."

Siku moja tukiwa hivyo, mwenye nyumba ambayo Baba alikuwa amemaliza kuiwekea waya akaingia uani. Alikuwa mama mzee wa Kimaasai, tulikuwa tunamwita koko, kama wajukuu wake. Nyumba yake ya mawe ilikuwa imekwisha, imepakwa rangi, na friji ilikuwa imeshanunuliwa na mtoto wake wa Loitokitok. Kwa sababu stima hakuna, koko alikuwa anaweka shuka ndani ya friji, na unga kwenye rafu ya juu. Angeweza kumpa kazi ya sahihi bosi wa Kware. Lakini alisema atangojea fundi wake apite mtihani, na kila wiki alikuwa anakuja kuangalia kama amepita.

Alisimama akamsikiliza Baba akilijibu pazia kwa heshima.

"Fundi," akasema, "hii pazia inakusumbua?"

"Hapana, koko. Ni mtahini."

Koko akafungua pazia. Nikainamisha kichwa, naye akanigusa utosini. Mimi hupenda sana salamu ya Kimaasai, maana unainama tu, unaguswa, na hakuna mtu anangoja useme kitu.

"Nakerai," akaniambia, yaani mtoto, "mfundishe haraka. Shuka zangu zinanuka friji."

Lakini neno lilikataa kumwacha Baba. Nikimuuliza kutoka nyuma ya pazia alijibu kila kitu, akipanda ngazi anapiga kelele ileile. Jirani yetu mmoja, kijana, alikuwa anajibu kutoka kwake, "Imewaka, buda!" na kucheka. Baba alianza kukata tamaa. Jioni moja alikaa kwenye ngazi ya mlango akasema pengine leseni ni ya watu ambao hawajawahi kufanya kazi.

Hapo ndipo nilimwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Nilimwambia darasani mimi hujua majibu. Mwalimu akiuliza, jibu huwa limeshafika hapa, kwenye meno. Halafu ninajiuliza, una uhakika? Nalirudia tangu mwanzo, hii ni kweli, na hii ni kweli, na hii je? Nikifika mwisho mtu mwingine ameshajibu na kukaa.

"Kila siku?" Baba akauliza.

"Kila siku."

Nilidhani ataniambia niache hiyo tabia. Wazazi wengine wangesema hivyo, na labda wangekuwa na haki. Baba akasema, "Hebu nipe hiyo."

Tukaijaribu palepale, mwanga bado ukiwepo. Akakaza balbu, mdomo ukafunguka, nami nikasema kutoka kwenye pazia, "Una uhakika?" Mdomo ukabaki wazi. Akashuka. Akapima waya ya kwanza. "Una uhakika?" Akapima ya pili. Alizunguka ubao wote hivyo, akarudi mwanzo, akaanza tena, na hakuwasha chochote mpaka Mama akaita chakula. Baada ya siku chache sikuhitajika kusema. Ungemwona tu amesimama juu ya ngazi, midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayesali.

Shida ni kwamba haikubaki kwenye ngazi. Baba alianza kurudi kuangalia mlango kama ameufunga. Alionja chai, akatia sukari, akaonja, akanusa, akamuuliza Mama kama ametia. Kanisani alikuwa anaanza wimbo wakati wengine wako ubeti wa pili. Mama akaniambia nikiosha vyombo, "Mtoto wewe, nilikuwa na bwana mwenye kelele na nilikuwa nimemzoea. Huyu mwingine umenitolea wapi?"

Agosti akaenda Nairobi. Alivaa koti la harusi. Mama na mimi tulishinda siku hiyo tukitafuta kazi za kufanya mahali ambapo tungeona barabara. Aliporudi, aliingia, akakaa, akavua viatu. Mama akamuuliza. Akafungua mdomo, akaufunga. Mama akamuuliza tena, na sauti ya pili haikuwa ya utani.

"Nangoja nihakikishe," Baba akasema, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma yote tangu juu. "Ndiyo. Nimepita."

Mama alimpiga na leso. Baadaye Baba alituambia alikagua ubao wake kwa muda mrefu sana hivi kwamba mtahini alimjia na kuuliza, "Mzee, kuna shida?" Akamjibu, "Bado sijaipata." Mzee wa stoo alikuwa yuleyule, lakini safari hiyo alikuwa ameambiwa aweke mikono mfukoni.

Leseni ilipofika, asubuhi hiyohiyo tulienda kwa koko. Baba alikuwa na kalamu mpya. Nilienda nami kushika tochi, maana kabla ya kutia sahihi lazima uikague nyumba mpaka darini. Koko alikuwa ametoa shuka kwenye friji na kuisafisha. Alituita wote watatu, Baba, mimi na ile friji, tukae sebuleni tuione sahihi ikiandikwa.

"Kidogo tu, koko," Baba akasema. "Niangalie kidogo."

Akaangalia kidogo. Halafu akaangalia zaidi. Alipanda darini, nami nikamulika kutoka kwenye tundu. Nilimsikia akitembea juu ya mbao, akasimama.

"Nani alifunga hii?" akauliza kutoka huko juu.

Koko ndiye alijibu.

"Si ni wewe, fundi?"

Waya mbili zilikuwa zimesokotwa na kufunikwa na selotepu, bila kisanduku. Ya ardhi ilitoka soketi ya jikoni ikaenda vizuri mpaka kona, halafu ikakatika hapo, kwa sababu waya ziliisha na bosi wa Kware alisema haitaonekana. Kumbe haikuonekana kwa mtu yeyote ila Baba. Baba alishuka na buibui kwenye nywele. Sikuwa nimewahi kuona mtu ameangushwa mtihani na mtu aliye ndani ya koti lake mwenyewe.

"Koko," akasema, "hii siwezi kuweka sahihi."

"Weka tu jina. Hutaki jina?"

"Nataka. Ndio maana."

"Mimi nilikuwa naomba upite," koko akasema. "Kila wiki nikiomba. Bora ningenyamaza." Kisha akanigeukia mimi. "Nakerai, wewe si ndiye mtahini? Mwambie."

Nilikuwa bila pazia. Nilijiuliza maswali yangu yote, nikafika mwisho, na bado walikuwa wananingoja. "Koko, amesema ukweli," nikaambia viatu vyangu. "Afunge upya."

Koko akasema neno fulani kwa Kimaa ambalo hakunitafsiria, akarudisha shuka kwenye friji, moja moja, na kuufunga mlango wake kwa goti.

Tulianza kuzing'oa waya siku hiyo. Baba alivuta, mimi nikakunja, na lundo la waya likakua uani, nyekundu na nyeusi. Alasiri koko alitoka kuliangalia. Akalisukuma na fimbo. Akachukua kipande kirefu, akakivuta kwa mikono miwili kupima nguvu yake, akaelekea kwenye boma la mbuzi, mahali ambapo mti wa lango ulikuwa umelegea, akaanza kuufunga.

"Hizi umezikataa?" akauliza akiwa huko.

"Nimezikataa kwa nyumba," Baba akasema. "Kwa mbuzi ni sawa."

"Kwa boma utaweka sahihi?"

Baba akaweka koleo chini, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaenda. Alitikisa mti wa lango. Akatikisa uliofuata, na uliofuata, akizunguka boma lote huku mbuzi wakimfuata kwa macho, na koko nyuma yake amebeba ile kalamu mpya.