Kinyozi wa Mheshimiwa

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na mkono wa kukuchorea mstari wa paji la uso ulionyooka kuliko maisha yake. Wateja tulimfuata kwenye varanda ya kaka yake, maana hapo ndipo alipofungwa. Aliyemfunga ni paka.

Paka mwenyewe alikuwa wa Kiajemi, mwenye vyeti vya ukoo mpaka babu wa babu, wakati kinyozi hata cheti cha kuzaliwa alikipoteza. Uso bapa, pua imezama katikati kana kwamba utotoni aligonga mlango wa kioo, na manyoya meupe yanayoburuzika sakafuni. Kwa jinsi alivyonuna, kama mtu aliyepewa wizara asiyoitaka, kinyozi alimwita Mheshimiwa.

Kaka na mkewe walipokwenda ng'ambo kikazi kwa miaka miwili, walimwomba mdogo mtu awalindie nyumba. Nyumba ilikuwa kisingizio. Kwenye mlango wa friji shemeji alibandika kurasa nne. Macho yafutwe asubuhi na jioni kwa pamba na maji ya uvuguvugu, kwa sababu machozi yake hayana njia nzuri ya kupita. Manyoya yachanwe kila siku, uwe mgonjwa usiwe mgonjwa. Chakula kiwe kwenye sahani, kwani uso ule hauingii bakulini. Feni isizimwe, maana anapumua kwa shida. Maji yabadilishwe mara tatu kwa ajili ya figo, ambazo kwenye ukoo wao hurithiwa mbovu pamoja na vile vyeti. Asitoke nje kamwe.

Akiachwa peke yake nusu siku, Mheshimiwa aligoma kula. Basi kinyozi akawa anaenda sokoni mbio mbio kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Siku moja alirudi akakuta panya anakula kwenye sahani ya paka, mwenye sahani amekaa pembeni anatazama kama anayesubiri kukaribishwa.

Mwaka wa pili ukielekea ukingoni, rafiki yake, kinyozi mwenzake, akafungua saluni mji mwingine. Kuna kiti cha kuzunguka na kioo kizima, akamwambia, na atamshikia mpaka Jumatatu, si zaidi, kwa kuwa wanaokitaka ni wengi.

Sasa ataondokaje? Kaka ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, ndiye aliyemnunulia mashine ya kwanza ya kunyolea. Alipojaribu kuzungukazunguka kwenye simu, kaka alimjibu kwa upole, "Ukichoka sema tu, mdogo wangu. Hatukulazimishi." Baada ya maneno kama hayo, nani anasema amechoka? Mama yao naye alipiga, akamuuliza paka hajambo, akakata bila kumuuliza yeye.

Ikabaki njia moja, afukuzwe. Kumshindisha paka njaa roho haikukubali. Lakini manyoya yale ndiyo yalikuwa fahari ya shemeji, picha ya Mheshimiwa imo kwenye simu yake mahali ambapo wengine huweka ya mume. Jumamosi asubuhi kinyozi akachomeka mashine. Alikusudia kumfanya Mheshimiwa aonekane kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.

Akapitisha mara moja ubavuni, ovyo, kombo. Akautazama ule mstari. Akajiambia auache hivyo hivyo. Mkono ukarudi kuunyoosha. Ukiwa umenyooka huku, kule nako kukadai. Saa mbili baadaye paka alisimama mezani ana kichwa cha simba, shingo imenyolewa kwa kufifia taratibu kama ya bwana harusi, soksi nne miguuni na shada mkiani. Hakuna binadamu aliyewahi kunyolewa vizuri hivyo mtaani kwetu. Kinyozi akakaa chini, akashika kichwa.

Jumapili mchana shemeji alipiga simu ya video. Begi la kinyozi lilikuwa tayari limefungwa, juu ya meza ya sebuleni. Akamwonyesha paka mzima, na ili kosa likolee akamwinua mguu, aone na ngozi nyekundu iliyofunuka makwapani. Shemeji akakata simu.

Nusu saa baadaye akarudi hewani, macho yamelowa.

"Shemeji, nimemtumia daktari wa mifugo picha. Anasema umemwokoa. Manyoya ya makwapani, chanuo lisikofika, yalikuwa yamesokotana, ngozi inaoza kwa joto. Anyolewe hivyo kila baada ya miezi miwili, na asiguswe na mtu mwingine."

"Sawa, shemeji."

"Na kaka yako ameongezewa mkataba, miaka mingine miwili. Tulikuwa tunaogopa hata kukuambia. Sasa roho zetu zimetulia."

"Sawa, shemeji," akarudia.

Jumatatu, siku ya mwisho ya kushikiwa kiti, alijilaza kwenye kochi. Feni ilikuwa inazunguka, maana kurasa nne hazikuwa na ruhusa ya kuizima, na Mheshimiwa, asiye na koti tena, akaona baridi. Akampanda tumboni, akajikunja, akaanza kukoroma kwa ile pua ya kubonyea. Simu ikaita, iko juu ya begi. Kinyozi akanyoosha mkono, haukufika. Paka akafumbua jicho moja, limejaa machozi.

Akamfuta kwa kidole gumba, taratibu, mpaka simu ikanyamaza.