Chupa ya Mpima Maji

Shangazi yangu ni dobi, na kwa usafi hana mpinzani. Ukimpelekea shati, kwanza atakusuta wewe uliyelivaa, ndipo alipokee. Mtaani tunamwita Bi Safi, na jina hilo analiitikia haraka kuliko la kuzaliwa.

Kisima chake ndicho kinachomlisha. Basi kampuni ilipoanza kuchimba gesi ya miambani nyuma ya kilima, maji yakabadilika. Yakatoka na mapovu kabla hajatia sabuni, yakanuka, na mashati meupe yakaanza kurudi kwa wenyewe na rangi ya chai. Wateja wakapungua. Kampuni nayo ikasema: maji yakipimwa yakaonekana mabaya, tutawavutia bomba la maji safi, la sivyo, kila mtu na kisima chake.

Akaja mpima maji, dada mmoja mpole, akachagua kisima cha shangazi kiwe kipimo cha mtaa mzima, akamwachia chupa. "Mama, nijazie hii, nitaipitia kesho asubuhi."

Shangazi akaijaza. Majibu yakarudi: maji safi kabisa! Mtaa mzima ukanuna. Nikamfuata nyumbani kwake.

"Shangazi, yale maji uliyachota wapi?"

"Si hapo kisimani!"

"Halafu?"

"Nikayachemsha, nikayaacha yatulie, nikayachuja kwa kitambaa mara tatu. Chupa nayo niliisugua. Ulitaka nimpe mgeni maji yale? Angenionaje?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha hasira zikanipanda, kisha nikacheka tena. Wenzetu huponzwa na mdomo. Sisi tumeponzwa na usafi.

Tulimbembeleza mpima maji, akarudi. Safari hii nilisimama kisimani kama askari. Shangazi akachota, akajaza chupa, mapovu yakielea juu. Mkono ulikwenda kwenye kitambaa, nikakohoa, ukarudi. Akaikabidhi chupa kwa mikono miwili, uso ameugeuza pembeni.

"Samahani, mwanangu. Ndivyo yalivyo."

"Usijali, mama. Hayo hasa ndiyo niliyoyataka."

Baada ya wiki mbili barua ikaja: maji yana gesi na madini ya chuma kupita kiasi, hayafai kunywa wala kufulia. Bomba litavutwa. Majirani wakapiga vigelegele, nami nikaruka nao. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi na barua mapajani, analia.

"Miaka thelathini nafua nguo za watu," akasema. "Leo imeandikwa, na muhuri juu, kwamba kwangu ni kuchafu."