Nusu ya Bei, Nusu ya Baiskeli

Hiki ninachowasimulia hakuna atakayekiamini. Hata mke wangu hakukiamini, na yeye ameshavumilia mengi kutoka kinywani mwangu. Lakini nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi, mguu juu ya mguu, nikaona kwa macho haya mawili mpwa wangu akimkubalia mtu aliyetaka baiskeli yake kwa nusu ya bei, kisha akainama na kuanza kumfungulia gurudumu la nyuma.

Kwanza mumjue. Ni mtoto wa dada yangu, fundi wa kushona nguo, na mtaani wanamwita Mama Vipande. Jina hilo halikuja bure. Mafundi wengine ukiwapelekea kitambaa, kinachobaki hukioni tena. Kesho utakikuta kimekuwa kaptura ya mtoto wao. Yeye ukija kuchukua gauni lako anakupa na mfuko mdogo wa vipande vilivyobaki, hata kile chembamba kama kidole. "Ni vyako," anasema, "utatilia kiraka." Mwanzoni watu walimcheka. Sasa wanapita milango ya mafundi wengine, wamekaza shingo, kwenda kwake.

Chumba chenyewe kina mlango mmoja, dirisha moja, cherehani ya miguu, pasi, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na kamba iliyotundikwa nguo zinazosubiri wenyewe. Kilichokosekana ni ovaloki, ile mashine inayoziba kingo za ndani za nguo zisimwage nyuzi. Kila alichoshona ilibidi akipeleke kwa fundi mzee wa mtaa wa pili, apange foleni, alipe, arudi, na mteja keshafika amenuna. Sasa mzee yule akaamua kupumzika kazi na kuhamia kwa mwanawe. Akamwambia, "Mwanangu, mashine nakuwekea mpaka Jumamosi jioni. Jumapili naondoka, na kuna mwingine anaitaka."

Mama Vipande hakuwa na cha kuuza isipokuwa baiskeli. Nyekundu iliyopauka, keria pana nyuma, aliyoitumia miaka na miaka kuwapelekea wateja nguo zao. Magoti yalishaanza kumteta, na wateja siku hizi wanakuja wenyewe. Basi akaipiga picha akaingia mtandaoni, kwenye ule ukurasa ambao watu wa mji huuziana vitu vilivyotumika.

"Andika 'kama mpya'," nikamshauri. Mimi biashara naijua. Niliwahi kumuuzia mtu kiatu cha mguu mmoja, akashukuru.

Akaandika hivi: "Baiskeli imetumika sana. Kengele haisikiki. Breki ya nyuma inapiga kelele lakini inashika. Kiti nimekishona upya mwenyewe. Inabeba mzigo na haichoki." Akaweka bei na mtaa wake.

"Umeharibu, mama."

"Mjomba, akija si ataona? Bora aone kwenye simu kabla hajachosha miguu yake."

Simu ikaanza kulia, na balaa likaanza. Mmoja, bila hata salamu: "Mwisho ngapi?" Mwingine akatoa robo ya bei, akasema hiyo ni kwa sababu anatuonea huruma. Mwingine alikuwa na redio mbovu, tubadilishane. Mwingine akasema tumpe tu, maana baiskeli kuukuu inatubania nafasi nyumbani. Nikachukua simu, nikaanza kumwandikia huyo jibu lililogusa ukoo wake wote, kuanzia babu. Nilikuwa nimefika kwa shangazi zake niliponyang'anywa.

"Biashara haigombi, Mjomba."

"Ametutukana!"

"Katutukana wapi? Kataja bei yake. Na mimi nitataja yangu."

Hapa ndipo ninapompendea. Alimjibu kila mmoja, mguu uko kwenye cherehani, pini ziko mdomoni: "Asante kwa kuuliza. Bei ni ile ile. Siku njema." Yule wa redio akamuuliza redio imeharibika nini. Akamwelekeza kwa fundi!

"Unapoteza muda na wapita njia," nikamwambia.

"Nawasalimia tu. Anayeuliza bei peke yake anapita njia, Mjomba. Anayeuliza habari za baiskeli ndiye mnunuzi. Huyo nitamvutia kiti."

Maneno mazuri, lakini Ijumaa ilifika na kiti kingali kitupu. Alikuwa akishona na kutupia jicho simu, akishona na kutupia jicho. Ndipo akatokea mmoja akatoa nusu ya bei, nusu kamili, hakuna zaidi. Hata uzi mgumu hukatika. Mpwa wangu akaandika: "Nusu ya bei, nusu ya baiskeli. Chagua gurudumu la mbele au la nyuma."

Jibu likarudi papo hapo: "La nyuma. Spoki zote zipo?"

Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye akaacha kucheka kabla yangu. "Kauliza spoki," akasema polepole.

Haikupita muda, hodi mlangoni. Mwanamume wa makamo, aproni imejaa unga, begani kabeba baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, mkononi spana. "Dada, mimi ndiye niliyechagua," akasema. "Nasambaza mikate. Gurudumu langu limeingia shimoni, limepinda kama namba nane. Leo nimegawa kwa miguu, nusu ya maduka yamenikataa kwa kuchelewa."

Nikasimama. "Bwana wee, ule ulikuwa utani!"

Mtu yule akatazama spana yake, kisha akanitazama mimi, kama mtoto aliyeambiwa sherehe ilikuwa jana.

"Kaa chini, Mjomba," mpwa wangu akasema.

"Mwambie ulikuwa ni—"

"Nimeandika mwenyewe. Yeye hakusoma utani, kasoma tangazo." Akageukia mgeni. "Kaka, spoki zote zipo. Lete hiyo spana."

Nikamvuta pembeni. "Una akili? Ukiuza gurudumu, hicho kinachobaki atakinunua nani? Na ovaloki?"

"Najua, Mjomba. Lakini kama neno langu linamwaga nyuzi, ovaloki itanisaidia nini?"

Sasa niambieni, mngesema nini? Mimi nikarudi kwenye benchi.

Akafungua nati, wakatoa gurudumu, wakalipeleka kwenye fremu ya muuza mikate. Likagoma. Wakaligeuza, likagoma. Mpwa wangu akatoa futi ya kupimia shingoni, ile ile ya kupimia viuno vya watu, akapima gurudumu, akapima uma wa fremu.

"Kubwa," akasema. "Kama suruali ya kaka kwa mdogo wake. Na hii huwezi kuipunguza."

Mtu wa mikate akaketi juu ya ndoo, kichwa mikononi. Mimi moyoni nikapiga vigelegele: mkataba umekufa, tumepona! Lakini mpwa wangu hakuonyesha hata jino. Alirudisha gurudumu mahali pake, akakaza nati, akafuta mikono.

"Kaka, unachotaka ni gurudumu, au ni mikate kufika?"

"Mikate kufika."

"Basi panda hii nzima. Zunguka mtaa. Kupanda silipishi."

Akapanda. Tukasikia breki kabla ya kumwona akirudi. Akashuka, akaipapasa keria kwa viganja vyake vya unga. "Kreti zangu mbili zingekaa hapa," akasema. "Mimi huwa nafunga moja tu." Akameza mate. "Mwisho ngapi?"

Hata yeye mwenyewe alicheka.

"Mwisho ni ule uliousoma," mpwa wangu akasema. "Ningekuwa na nafasi ningekukopesha, lakini kesho jioni kuna mashine inaniponyoka. Una nusu. Nusu nyingine unaisimamia hapo." Akaonyesha baiskeli yake mbovu.

Wakaipiga picha. Safari hii sikushauri chochote. Muuza mikate akaandika: "Nusu ya baiskeli inauzwa. Gurudumu la nyuma halina matumaini. Fremu nzima, pedali nzima, gurudumu la mbele halina kosa." Simu ya muuza mikate ikaanza kulia. Wa kwanza alitoa bei ya chai moja. Maskini, kidole chake kikaenda kuandika "sawa". Mama Vipande akakizuia kwa rula.

"Huyo kauliza nini kuhusu baiskeli?"

"Hajauliza kitu."

"Mshukuru, mtakie siku njema."

Akashukuru watu, akatakia siku njema, kope zinapepesa kwa woga. Usiku ukaingia, asubuhi ikaja, naye akarudi na mikate miwili ya kutuliza njaa ya kusubiri. Jumamosi mchana, fundi wa baiskeli kutoka ng'ambo ya mji akaandika: "Fremu ina ufa popote?" Mpwa wangu akanyanyuka akavuta kiti, mtu mwenyewe hata hajaondoka kwake! Alikuja, akakagua, akalipa. Muuza mikate akahesabu, akaunganisha nusu na nusu, akampa Mama Vipande bei yake yote, akaondoka akipiga kengele isiyosikika.

Naye mpwa wangu akatoka mbio, mkasi bado umening'inia shingoni, mpaka mtaa wa pili. Mzee alikuwa anafunga mizigo. Tuliibeba mashine sisi wawili; mimi upande mzito.

Ndiyo hiyo inayonguruma nyuma yangu hapa kwenye benchi, na ninasoma kwa sauti kila ninachoandika ili ajue ninavyomsifu. Na siku ile alipoiwasha kwa mara ya kwanza, ndugu zangu, mtaa mzima ulisimama, magari yakazima injini, watu mia tatu wakajaa mlangoni wakimshangilia, na mimi mbele yao nikawa nime—

"Mjomba, mia tatu gani? Tulikuwa mimi na wewe, na wewe ulikuwa umelala."