Chipu Nilizonunua Badala ya Sufuria

Kijana wangu wa mwisho, anayekaa Nairobi, alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza jambo ambalo hakujua linaniuma. Yeye na wenzake hucheza poka nyumbani kwake, na ameona dukani seti ya chipu, vile vidude vya duara ambavyo wachezaji huwekeana mezani badala ya pesa. Si zile nyepesi za plastiki. Hizi ni nzito, zikigongana zinalia vizuri, na bei yake si ya mzaha.

"Baba, wewe ulikuwa nazo zamani," akasema. "Zilikufaa, au ulitupa pesa?"

Nilimwambia nitamjibu nikipata nafasi. Nafasi ninayo tele, mzee mstaafu kama mimi, lakini mpaka leo sijampigia.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tukikaa nyumba za reli, Voi. Nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Jumapili baada ya ibada mke wangu alitandika mkeka nje, upande wenye kivuli, na wageni walewale wawili wakafika. Mmoja alikuwa jirani yetu, dereva wa treni, Mkamba aliyetufundisha poka. Wa pili alikuwa mwalimu aliyeshuka kwa miguu kutoka kilima cha Sagalla. Mwalimu huyo alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kamari hata kuisikia. Ndiyo maana tulichezea chakula. Kila mmoja alikuja na kikombe cha nafaka kutoka kwake: punje ya mahindi tuliihesabu moja, haragwe tano, na kunde, kwa kuwa hazikupatikana ovyo, kumi.

Mchezo ulipoisha, mshindi hakubeba kitu. Mke wangu alizikusanya zote, akazichambua, akaziweka. Jumapili iliyofuata zilikuwa ndizo pure, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, inayotokota kwenye jiko la makaa kando yetu huku tukicheza tena. Tulikula tulichokishindania wiki iliyopita. Mkamba alinung'unika kila mara kwamba rundo lile alilishinda yeye, na sasa anapakuliwa sahani moja sawa na waliofilisika. Mwalimu alimwambia ashukuru na aombee chakula.

Mke wangu alitushinda sote. Katikati ya mchezo aliinuka kwenda kukoroga, karata zake kazifunika mkekani, akirudi anasukuma kunde tatu mbele bila hata kuzitazama tena. Sisi wanaume watatu tulitazamana, tukaangusha karata mmoja mmoja. Mara nyingi hakuwa na kitu mkononi. Nilimpenda mno kwa hilo, na sikumwambia, maana siku zile sikuwa na mazoea ya kusema maneno kama hayo.

Shida yetu ilikuwa sufuria. Ilikuwa imetoboka chini, imetiwa kiraka, ikatoboka pembeni mwa kiraka. Kabla ya kupika aliziba tundu kwa donge la ugali. Kwa hiyo nilipopata likizo nikaenda Mombasa, aliniagiza kitu kimoja tu: sufuria kubwa, ya kuwatosha watu kumi.

Nilifika mpaka kwenye mtaa wa sufuria, naapa. Lakini mwanzoni mwake palikuwa na duka la vitu vilivyoachwa na watu waliohama nchi, na dirishani nikaona sanduku la mbao, limefunguliwa, ndani kitambaa cha kijani, na chipu zimejipanga safu kwa safu: nyeupe, nyekundu, buluu. Mwenye duka akanipa moja niishike. Ilikuwa na uzito wa kitu cha maana. Nikajiona kama bwana wa nyumba inayoheshimika, anayewapa wageni wake kitu kizuri cha kushika. Nilirudi na treni, sanduku mapajani, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Mke wangu alilifungua, akachukua chipu moja nyekundu, akaipima kiganjani.

"Na hizi zinaiva baada ya saa ngapi?" akauliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Chipu zilitaka meza, na meza ilikuwa ndani. Hakuna aliyekuja tena na kikombe chake, kwa hiyo jikoni hapakuwa na cha kukoroga, tukanywa chai. Zile chipu zilisikika mpaka barabarani, na waumini waliopita walianza kuchungulia dirishani. Maharagwe hayakuwahi kumtia mtu shaka, lakini sanduku lile lilifanana na kamari hata kama hatukuchezea senti. Jumapili ya tatu mwalimu hakushuka. Mkamba alikuja kidogo, kisha akaanza kulala Jumapili nzima. Mke wangu akasema ana nguo za kupiga pasi. Nikabaki mezani peke yangu, nazipanga chipu, nazibomoa, nazipanga.

Nilipopendekeza turudie maharagwe, alinijibu bila kuinua macho kwenye pasi: "Waite wewe. Mimi sikuwafukuza." Alikuwa na haki, na kwa kuwa alikuwa na haki nikanuna. Sikuwaita. Sanduku likapanda juu ya kabati, na Jumapili zetu zikapita hivyo karibu miaka miwili. Ningepewa nafasi ya kurudishiwa kitu maishani, ningeomba miaka hiyo miwili.

Kisha mvua zikakosa. Tulipanga foleni kupewa mahindi ya manjano ya msaada, na hakuna mwenye akili angemwaga punje mkekani kwa ajili ya mchezo. Jumapili moja nilimkuta mke wangu amepanda kwenye kiti, analishusha lile sanduku. Alitandika mkeka nje, palepale pa zamani, wazi mbele ya kila mpita njia. Akanituma nimwite Mkamba, halafu nipande Sagalla.

Nilimkuta mwalimu amekaa mlangoni kwake, amekonda. Alisema angekuja, ila hana cha kuleta. Nikamwambia hata sisi hatuna. Alichukua fimbo yake tukashuka pamoja.

Mke wangu aligawa chipu kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Nyeupe ni mahindi. Nyekundu ni maharagwe. Buluu ni kunde. Mwenye njaa acheze vizuri."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Jikoni palikuwa na chai ya rangi tu, lakini kila aliyeshinda alilazimika kueleza atakavyolipika rundo lake, na Mkamba, ambaye hakuwahi kupika maishani, alieleza vitunguu vyake kwa nusu saa. Tulicheza hivyo kila Jumapili mpaka mvua zikarudi. Nazikumbuka Jumapili zile za njaa nikatamani kurudi, na najua ni wazimu kutamani njaa.

Baadaye Mkamba alihamishwa, na kilima kikamshinda mwalimu. Tukabaki wawili, mimi na mke wangu, na maharagwe yetu, na yeye akaendelea kunishinda. Sufuria niliahidi mwisho wa mwezi, kisha likizo ijayo, kisha nikaacha kuahidi, kwa kuwa yeye aliacha kuuliza. Aliendelea kuziba tundu kwa ugali.

Sufuria kubwa niliinunua Mwatate wiki aliyofariki, kwa kuwa watu wa matanga walihitaji kula. Iliwatosha watu zaidi ya kumi. Wanawake wa kanisani walipikia pure ndani yake, wakaisifu, na mimi nikaondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Kijana wangu nitampigia leo. Nitamwambia chipu nzuri hudumu, zangu ninazo bado, haijapotea hata moja, na akipenda anunue. Ila kabla hajaenda dukani nitamwuliza kama mkewe alikuwa amemwagiza kitu.