Kitabu Kisicho na Msomaji

Nilipotoka kijijini Bisibo kwenda Biharamulo mjini kumtunza bibi mmoja wa Kihindi, nilikuwa nimemzika mwanangu wa kwanza miezi mitatu nyuma. Bibi alikuwa mjane, na pale mjini sikumjua Mhindu mwingine. Presha ya macho ilikwishalizima jicho moja. La pili lilibaki na mwanga kidogo tu.

Kila asubuhi nilitakiwa nioge kwanza, ndipo niwashe taa ya samli mbele ya picha tatu chumbani kwake: Ganesh mwenye kichwa cha tembo, Lakshmi juu ya ua la yungiyungi, na Krishna na filimbi yake. Mimi ni Mkatoliki.

"Bibi, miungu yote hii mnaiombaje?" nilimuuliza.

"Mungu ni mmoja, mjukuu wangu. Hizo ni sura zake. Kila mtu huongea na ile aliyoizoea."

Siku nyingine aliniambia kwamba roho haifi. Huzaliwa tena katika mwili mwingine, kwa kadiri ya matendo yake. Niliacha kufagia.

"Kwa hiyo mwanangu atarudi?"

"Atarudi."

"Kwangu?"

"Labda kwa mwingine. Na ukipishana naye sokoni, hutamjua."

Najua hakutaka kuniumiza. Nilitoka uani nikalia, na tangu hapo sikumuuliza tena habari hizo.

Jicho la pili lilipozimika, alinipa kitabu chao kitakatifu, ambamo Krishna anazungumza na mpiganaji aliyevunjika moyo kabla ya vita. Marehemu mumewe alikuwa akimsomea kila siku.

"Nisomee," akasema.

Kilikuwa cha Kigujarati, lugha ya kwao. Sikuijua hata herufi moja. Tukampigia mwanawe aliyeko Uingereza, nikaielekeza kamera ya simu kwenye ukurasa. Alitazama, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, hata mimi sikufundishwa kusoma hizo."

Baadaye alitutumia sauti ya mtu akisoma. Bibi aliisikiliza siku mbili. Ya tatu akasema, "Zima. Huyu anakimbia tu. Mume wangu alikuwa anasimama, ananieleza."

Akajaribu kuyasema mwenyewe kwa kichwa. Alianza vizuri, akakwama, akarudi mwanzo, akakwama palepale. Alinigeuzia uso kana kwamba ningemkumbusha neno linalofuata. Wiki zilivyopita alizidi kukwama mapema, mpaka akabaki na maneno mawili matatu, na hayo nayo hakuwa na hakika nayo.

Juzi aliniambia nikifunge kitabu kwa kitambaa, nikiweke juu kabisa kabatini.

"Nikushushie lini, bibi?"

"Cha nini?" akasema. Akaomba chai. Nilipomletea aliishika mpaka ikapoa, hakuinywa.